Linux Mpya na Karata za Mama Mkwe

Mimi ni injinia wa mtaa. Cheo hiki sikukiomba. Majirani walinipa siku niliyorudi nyumbani na diploma yangu ya masomo ya jioni, na tangu hapo hakuna redio iliyonyamaza kati ya soko la Kasongo na barabara ya Kabambare ambayo haikuletwa mlangoni kwangu, hata zile zilizokuwa zimeishiwa betri tu. Nilisoma informatiki kila jioni baada ya kufunga duka langu la sabuni na chumvi, katika darasa lenye kompyuta moja na wanafunzi wengi kiasi kwamba aliyeketi nyuma angehitaji darubini kuiona kibodi. Nilimaliza wa kwanza. Ni kweli kwamba wengine walikuwa wameacha njiani, lakini diploma haiandiki mambo hayo.

Kompyuta yangu niliinunua kwa shirika moja lililokuwa linafunga ofisi. Ni ile ya mezani, ya kizazi ambacho vyuma vilikuwa havina bei. Tuliibeba wanaume wanne, na mmoja wetu mpaka leo akinikuta njiani hushika kiuno kwanza ndipo anisalimu. Niliiweka sebuleni, nikaiunganisha na betri inayolishwa na paneli ya sola juu ya paa, na kwa kuwa ilikuja imejaa virusi kuliko kituo cha afya wakati wa mvua, nikafuta kila kitu nikaiwekea Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta usiouzwa. Hiyo ndiyo Linux ya kwanza. Ilikuwa nzuri, ya rangi, yenye adabu. Kila asubuhi ilikuwa inaniomba niipe mtandao ili ijisasishe, na kila ilipojisasisha iliongeza kilo. Mwisho ilifika mahali nikiiwasha jioni, jua limeshazama, mke wangu anabandika sufuria ya bukari, ugali wetu, anasonga, tunakula, tunanawa, ndipo inatokea picha ya kwanza. Na betri nayo inakuwa imekwisha, kwa hiyo tunaizima.

Nikaamua kuhamia Linux nyingine, nyepesi, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine zilizozeeka. Na hapa ndipo lazima nieleze habari za mguu wa mama mkwe, maana bila mguu huo ningekuwa nimebadilisha Linux kwa amani kama watu wengine duniani.

Mama mkwe anaishi upande wa Wamaza, analima. Alikuwa anatoka shambani na kitunga cha muhogo kichwani, akateleza kwenye daraja la miti, mguu ukavunjika chini ya goti. Walimfungia mbao mbili, wakamleta Kasongo kwa pikipiki, na anasema mwenyewe kwamba kuvunjika hakukumuuma kama ile barabara. Daktari alimtia plasta, akatoa amri moja: akae, mguu uwe juu ya kigoda, mpaka mfupa ushike. Akiukanyaga mapema atachechemea maisha yake yote, na shamba aliage.

Sasa, kumwambia mama mkwe wangu akae ni kama kuuambia mto Lualaba usubiri kidogo. Siku za mwanzo tulimkuta nyuma ya nyumba ameegemea jembe, plasta iko hewani, anapanda mahindi kati ya choo na kamba ya nguo. Mke wangu alimnyang'anya jembe. Akamkuta ameegemea mchi. Akanyang'anya mchi. Mke wangu alikuwa analia kabisa, kwa sababu ni mtoto pekee aliyebaki karibu, na alijua mama yake akibaki kilema ni nani atakayemlimia. Kisha, siku moja, alimketisha mbele ya kompyuta amwonyeshe picha za familia, na kuanzia hapo mama mkwe akatulia. Asubuhi anakaa, jua likipanda bado amekaa, mguu juu ya kigoda, kimya. Daktari alisema mfupa unashika vizuri. Sisi tukasema ni maombi.

Mimi sikujua anafanya nini pale, na sikuweza kujua. Kwa watu wa ukoo wa mke wangu, ukwe una sheria zake. Mkwe mwanaume haketi chumba kimoja na mama mkwe, hali naye, hamtazami usoni, hampi kitu mkononi bali hukiweka chini ili aokote. Tangu nioe, mama mkwe wangu namjua kwa visigino. Nyumba yangu ina vyumba vitatu, na heshima ya aina hiyo inahitaji angalau kumi na mbili. Kwa hiyo kila nilipotaka kuingia nilikohoa mlangoni; yeye anavuta kitenge usoni, mimi nazunguka nyumba, napitia jikoni nikiangalia ardhi kama mtu aliyedondosha sindano. Majirani walijua kabisa saa zangu za kupita. Kutoka sebuleni nilikuwa nasikia nyimbo za kwaya zinalia kwenye kompyuta. Nikasema, basi, mama wa watu anasikiliza kwaya.

Linux mpya niliiagiza kwa rafiki yangu wa masomo ya jioni, ambaye siku hizi yuko Kindu ambako mtandao unashuka bila kuombewa. Aliitia kwenye flashi, akampa taximan wa pikipiki. Taximan alipita Kasongo bila kusimama kwa sababu alikuwa na abiria wa Salamabila mwenye haraka, kwa hiyo Linux yangu ikaenda machimboni kutazama dhahabu. Huko njiani aliichomeka kwenye redio ya pikipiki ili asikilize muziki wa injinia. Redio ilikataa. Aliporudi aliniletea flashi kwa uso wa huruma, akaniambia rafiki yangu amenidanganya, ndani hamna hata wimbo mmoja.

Nikangoja siku yenye jua kali, kwa sababu kazi hii ikikatika katikati unabaki na meza yenye chuma. Siku ikapatikana: mke wangu alimpeleka mama yake hospitali kuangaliwa plasta. Sebule ikawa yangu. Niliketi kwenye kiti changu mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, na nakiri nilinyoosha miguu.

Kwanza nilihamisha mali. Nyaraka, picha, kwaya, vyote nikavinakili kwenye simu ya mke wangu, aliyoniachia kwa sharti nisisome ujumbe wa dada zake. Nilichagua kila kitu kilichoonekana. Neno hilo, kilichoonekana, nalisoma tena leo nikicheka. Kwenye Linux kuna makabati mengine ya mafaili yamefichwa, majina yake yanaanza na nukta, na humo ndimo kila programu inaweka kumbukumbu zake ndogo ndogo: ulifanya nini, uliishia wapi. Tulifundishwa jambo hilo darasani. Nadhani ni jioni ile nilisinzia.

Kisha nikachomeka flashi, nikawasha. Ile mpya ikaniuliza lugha, ikaniuliza saa za wapi, kisha ikauliza kama ifute diski yote. Nikakubali. Ikauliza tena kama nina uhakika. Nikabonyeza kwa kasi ya mtu mwenye diploma. Jua lilikuwa linawaka juu ya paa kama linalipwa, betri imejaa, mstari unajaza kisanduku taratibu, na mimi najiona rubani. Ilipomaliza, nikazima, nikawasha. Sitatia chumvi: nilivuta pumzi, na kabla sijaitoa mashine ilikuwa iko tayari. Nikazima tena, nikawasha tena, kwa starehe tu. Jirani wa kushoto aliitwa aone. Wa kulia alikuja bila kuitwa. Nikarudisha kwaya mahali pake, picha mahali pake, nikafuta vumbi kwenye kioo, nikatoka kwenda dukani nikipiga mluzi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nyuma ya nyumba nanyoa ndevu. Nikasikia mama mkwe anaburuta kigoda, kiti kinalia, mashine inawaka. Kisha kwaya haikulia. Kisha hakuna kitu. Kimya kile kilinifanya nijikate kidevuni. Baada ya muda nikasikia sauti yake, haijapanda hata kidogo, inamwambia mke wangu: "Mwanangu, uniletee kitunga changu. Mie ninarudia kwangu."

Mke wangu alinikuta na povu upande mmoja wa uso.

"Karata ziko wapi?" akaniuliza.

Nikauliza karata gani. Ndipo nikaelezwa, nyumbani kwangu, habari za kompyuta yangu. Kumbe kwaya ilikuwa ya kufunika masikio tu. Mama mkwe alikuwa anacheza karata: ule mchezo wa mtu mmoja, wa kupanga wafalme na malkia kwa zamu ya rangi mpaka zote zipande juu. Mke wangu ndiye aliyemfundisha, maana naye alikuwa akicheza mchana ninapokuwa dukani, jambo ambalo nalo sikulijua. Karata ndizo zilizomtuliza. Ndizo zilizouweka mguu juu ya kigoda kuliko daktari, kuliko maombi. Na Linux yangu nyepesi, ili iwe nyepesi, haikuja na karata.

Nikasema hilo ni jambo dogo. Nikaenda na simu mpaka kwenye mwinuko ambako mtandao unashika, nikaushusha mchezo ule ule, na kabla jua halijapita kichwani nilikuwa nimeshaurudisha kwenye mashine. Mama mkwe alikuwa amehamia chumba cha nyuma wakati nafanya kazi, kitunga kimefungwa kamba na kiko mlangoni. Nikatoka kwa kupitia jikoni, akarudi kukaa, nami nikazunguka nikasimama nje ya dirisha, mgongo ukutani, kungoja shukrani.

Ndani akawa anabonyeza. Kisha akaacha kubonyeza. Alimwita mke wangu amsomee maneno yaliyo chini ya mchezo; namba alizisoma mwenyewe, maana soko humfundisha mtu namba bila shule. Mchezo ule unahesabu mara ulizoshinda. Kwenye Linux ya kwanza hesabu yake ilikuwa imefika mahali pakubwa sana. Mke wangu anasema ni zaidi ya mia, na mimi nikisimulia mtaani ninasema elfu. Alikuwa anaiangalia kila asubuhi kabla ya kuanza, kama mwenye mbuzi anavyoangalia zizi. Ilikuwa kwenye kabati la nukta. Sasa palikuwa na sifuri.

Mazungumzo yaliyofuata yalifanyika kwa sheria za ukwe. Mimi niko nje ya dirisha, yeye yuko ndani hatua mbili kutoka kwangu, kila mmoja anamsikia mwenzake mpaka anavyomeza mate, lakini hakuna anayeruhusiwa kusikia. Kila neno lazima lipitie kwa mke wangu, aliyesimama katikati kama mnara wa simu.

Nikamwomba amwambie mama kwamba nimesikitika kuliko ninavyoweza kusema. Kwamba diski ilipogawanywa upya, makabati yaliyofichwa hayakunakiliwa, na kwamba hata mainjinia wakubwa wa dunia hupatwa na ajali kama hii. Nilisema kwa muda mrefu na kwa Kiswahili cha diploma. Mke wangu akageuka.

"Anasema zimepotea."

Kisha mama mkwe: "Umuulize mukwe wangu, nilimukosea nini."

Mke wangu hakurudia. Hakukuwa na haja. Nilisimama pale nikitazama mahindi yake, yale aliyopanda kwa jembe la kuegemea, yameota kati ya choo na kamba ya nguo.

Mke wangu akatoka akanifuata pembeni, akasema polepole, kwa sababu alikuwa amekasirika kupita kelele: "Papa, mama akipanda pikipiki na ule muguu, utavunjika tena kwenye daraja la kwanza. Utafute kitu."

Nikatafuta. Nikakumbuka kwamba hesabu zile zinakaa kwenye faili la maandishi tu, na faili la maandishi ni kitu cha kufungua na kuandika. Nikarudi dirishani nimepona. Nikamwambia mke wangu amwambie mama anitajie namba yoyote aipendayo, hata mara mbili ya ile ya zamani, nitaiandika sasa hivi na mashine itaamini.

"Anasema anaweza kukuandikia ushindi wote unaotaka."

Kiti kikalia. Nadhani aligeuka kulitazama dirisha, ingawa sikuangalia.

"Umuambie ushindi wa kuandikwa na mutu mwenye kukamata mashine, ule tunaujua. Tuliuona mara mingi wakati wa kura. Mie nilishinda kwa mukono."

Jirani wa kushoto, aliyekuwa anasikiliza kwa uaminifu nyuma ya ua, alicheka mpaka akakohoa. Mimi niliona ni afadhali nami nikohoe, ili ionekane ni vumbi.

Kisha nikasikia mama mkwe anamwambia mke wangu afungue kamba ya kitunga, atoe kitenge kimoja, kimoja tu. Na kwamba kuna sharti. Mukwe wangu, alisema, naye aanze kwa sifuri. Acheze kwa mkono. Tumuone.

Hapo Linux mpya ilinisaidia kwa mara ya kwanza. Nilimfungulia mama mkwe akaunti yake mwenyewe, yenye mlango wake na neno la siri lake, nami nikabaki na yangu. Kwa kweli hilo ndilo nililopaswa kufanya tangu mwanzo. Ukwe wote ni habari ya milango tofauti. Neno la siri alilibonyeza mwenyewe kwa kidole kimoja baada ya kumfukuza mke wangu chumbani, na mpaka leo mimi, msimamizi wa mfumo, silijui. Asubuhi mpaka mchana akawa anacheza yeye. Nikitoka dukani nakohoa, yeye anahamia kwenye mkeka jikoni, mguu juu ya mto, nami naketi kucheza mpaka betri inapolalamika. Kabla ya chakula mke wangu anatangaza matokeo. Alikuwa anayatangaza kwa sauti ya redio ya taifa, na sikuipenda hata mara moja.

Nilidhani mtu mwenye diploma atalazimika kujizuia ili asimwaibishe mama wa watu. Wiki ya kwanza alinishinda kama anapura maharage. Wiki ya pili nilianza kucheza kwa kufikiri, akanishinda zaidi. Mtaani habari ikaenea. Wateja wa sabuni walikuwa wananiuliza matokeo kabla ya kuuliza bei. Jikoni nilikuwa nasikia ananitumia ushauri kwa njia ya mke wangu: mukwe wangu ana haraka ya kujaza nafasi tupu, angoje mfalme. Nikaanza kungoja mfalme. Nikaanza kushinda moja moja. Na katika muda huo wote hakuna aliyemkuta tena nyuma ya nyumba. Mguu ulikuwa juu ya kigoda kwa heshima zote, kwa sababu mwenyewe alikuwa hana nafasi ya kuufikiria.

Siku ya kukata plasta tulikwenda wote, mimi nyuma kabisa. Daktari alibonyeza mfupa, akamwambia atembee. Akatembea kutoka kitandani mpaka mlangoni na kurudi, bila fimbo, bila kuchechemea. Niliona visigino vyote viwili vinagusa sakafu sawasawa. Mke wangu alilia tena, kilio kingine. Daktari aliuliza tulifanyaje mgonjwa wa aina hii akakaa muda wote huo, na mimi nikaanza kumweleza tofauti kati ya Linux mbili, lakini alikuwa na wagonjwa wengine.

Tulijua kesho ataomba pikipiki ya Wamaza. Mke wangu alikuwa amekwisha kununua chumvi na samaki wa Nyangwe wa kumfungia. Asubuhi nikasikia kiti kinalia sebuleni. Kigoda hakikuburutwa. Kisha sauti, ya kutosha kufika dirishani na ng'ambo ya ua:

"Umuambie mukwe wangu, nitaenda siku atakayonipita."

Basi nikapiga hesabu kama injinia. Kwa mwendo wangu wa kucheza, mama mkwe atakaa nyumbani kwangu mpaka paneli iote kutu, nami nitaendelea kuingia sebuleni kwangu kwa kupitia jikoni, macho chini. Nikaongeza bidii. Dukani nilicheza akilini. Nikawa ninashinda kila siku, pengo likapungua mpaka tukalingana, na jioni moja kabla giza halijaingia nilikuwa na mchezo mzuri kuliko yote niliyowahi kuupata: wafalme wako mahali pao, rangi zimepangana, karata zilizobaki zinapanda zenyewe. Kutoka jikoni nilimsikia mama mkwe anacheka na jirani wa kulia, anamweleza jinsi ya kupika sombe, majani ya muhogo, kama kwao.

Nikagundua kwamba mke wangu amesimama nyuma yangu na beseni la vyombo. Alitazama kioo. Anaujua mchezo ule kuliko mimi; aliona ninachokiona. Hakusema kitu, alihamisha tu beseni kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Nikasogeza kishale mpaka juu, pole pole, nikabonyeza: mchezo mpya.